Daftari la Ijumaa

Jumatatu, 1 Julai

Mzee Sila, mwenye kiwanda cha mvinyo, ameniwekea mezani ofisini fomu za kibali cha Bwana Viorel. Kibali chake cha kazi kinakwisha tarehe 31 Agosti, na bila kibali cha kazi hata kile cha ukaazi hakiongezwi. Zabibu zitaanza kuingia kiwandani katikati ya Agosti na zitaendelea mpaka mwisho wa Septemba. Kibali kikikataliwa, mtengeneza mvinyo wetu ataondoka mavuno yakiwa nusu.

"Jaza kama ilivyokuwa mwaka juzi," akasema. "Badilisha tarehe tu."

Nikasema sawa, Mzee. Nimefungua faili la mwaka juzi. Kuna sehemu inayouliza jina la Mtanzania anayefundishwa kazi hiyo, ili mgeni akiondoka airithi. Hapo kuna mwandiko wangu: Elieza Ndahani, miaka 36, msaidizi wa mtengeneza mvinyo.

Mume wangu. Nimefunga faili nikaenda kuchemsha chai.

Jumanne, 2 Julai

Baridi na vumbi. Faili sikuligusa.

Alhamisi, 4 Julai

Niandike mambo ya lile daftari, maana sijamwambia mtu.

Bwana Viorel alipokuja miaka mitatu iliyopita kutoka Moldova, nchi ambayo hapa Nzuguni hakuna aliyewahi kuisikia, Mzee Sila alitakiwa kuonyesha kwamba kuna mtu wetu anafundishwa. Akamchagua Elieza. Ikaamuliwa kuwe na daftari la mafunzo, liandikwe kila wiki, lisainiwe na mwalimu na mwanafunzi. Elieza alikuwa na akili ya mikono. Kalamu ilimchosha. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni tulikaa nyumbani kwenye ngazi ya nyuma, yeye akiongea, mimi naandika. "Andika kwamba maganda yakipanda juu unayashindilia yashuke, mara tatu kwa siku. Andika kwamba Bwana Viorel anapenda kunusa kabla ya kuonja. Usiandike kwamba ananusa kama mbuzi." Tulicheka. Kisha alisaini, na Jumatatu asubuhi nilimpelekea Bwana Viorel daftari na kikombe cha chai, naye akasaini.

Elieza alifariki Alhamisi tarehe 15 Februari. Alikuwa ametoka Hombolo kuangalia mizabibu yetu, nusu eka tuliyopanda miaka mitatu iliyopita. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwake jua linawaka. Korongo alilolivuka asubuhi likiwa mchanga mtupu, mchana lilikuwa na maji. Akaingia na pikipiki.

Tulimzika Jumamosi. Ijumaa iliyofuata nilikaa kwenye ngazi, nikachukua daftari, nikaandika aliyoyafanya Bwana Viorel wiki ile kama nilivyoyaona nikiwa ofisini. Nikaandika kwa maneno ya Elieza. Halafu mkono wangu ukaweka sahihi yake. Ijumaa nyingine nikafanya hivyo tena. Nimefanya hivyo mpaka Ijumaa iliyopita.

Sikuwa namdanganya mtu. Nilitaka iwe Ijumaa.

Jumatatu, 8 Julai

Maombi yamekwenda ofisi ya kazi. Jina nimeliacha lile lile. Mzee aliniambia nibadilishe tarehe tu, na mimi nimebadilisha tarehe tu, lakini nafahamu kwamba huko ni kujificha nyuma ya neno lake.

Walitaka na nakala ya daftari zima. Nilifikiri kuchana kurasa za baada ya 15 Februari. Lakini ni daftari la kubana pini katikati. Ukichana karatasi ya mwisho, na ya kwanza inalegea na kutoka. Karatasi ya kwanza ndiyo yenye ile siku Elieza alipoandika jina lake mwenyewe kwa herufi kubwa, kalamu imetoboa. Nilisimama mbele ya mashine ya kunakilia na daftari mkononi mpaka kijana wa stationery akauliza, "Mama, unanakili au unasoma?"

Nikampa lote.

Ijumaa, 12 Julai

Ijumaa, na leo tena sikuandika kwenye daftari lile. Nimeosha masufuria yaliyokuwa safi.

Jumamosi, 20 Julai

Nilikwenda Hombolo. Wifi yangu Ruthu, dada yake Elieza, ndiye anayeitunza mizabibu sasa. Aliipogoa Aprili peke yake. Vishada vimeanza kubadilika rangi. Safu tatu za chini hazipo. Maji ya siku ile yalikula ukingo wa korongo na kuondoka nazo. Mwaka huu ndiyo mavuno yetu ya kwanza ya maana. Elieza alikwisha kununua pipa la bluu la lita mia mbili, liko barazani kwa Ruthu, limefunikwa kanga. Alikuwa akisema, "Siku nikionja mvinyo wa mashina yangu mwenyewe nitanyamaza wiki nzima," na Ruthu akimjibu kwamba bora basi ayang'oe, tusije tukaogopa.

Bwana Viorel aliahidi tangu zamani kwamba zabibu hizo atazikamua kwa mkono wake, zisichanganywe na za watu.

"Atakuwepo lakini?" Ruthu akauliza.

"Karatasi zimekwenda, wifi."

"Karatasi haziivishi zabibu," akasema, akaendelea kufunga matawi.

Jumatano, 24 Julai

Bwana Viorel hajawahi kunipa pole zaidi ya ile ya msibani. Siku ya tatu baada ya maziko aliuliza nani ataosha mapipa. Mtu mgumu. Leo kapita mezani kwangu akasema "Mbukwa," salamu ya Kigogo aliyofundishwa na Elieza, akaenda zake. Hunichoma kila anapoisema, maana anaisema kwa sauti ile ile ya Elieza, anaivuta mwishoni.

Alhamisi, 25 Julai

Simu kutoka ofisi ya kazi. Afisa anaitwa Bi Zaitun. Ana sauti ya upole, ya mtu wa Kondoa. Amesema amepitia maombi yetu, na daftari la mafunzo limempendeza. Ni nadra kuona kampuni ndogo ikiandika kila wiki kwa miaka mitatu namna hii. Kwa hiyo angependa kuja kuonana na mwalimu na mwanafunzi wake. Tarehe 13 Agosti.

"Huyu Elieza nitamkuta?"

Nikasema nitamjulisha Mzee.

Ijumaa, 26 Julai

Mzee Sila alifunga mlango. Mara ya kwanza kumwona akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni.

"Uliandika jina la marehemu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na daftari linaendelea mpaka lini?"

"Mpaka Juni."

Aliliomba akalifungua. Akasoma kurasa za Machi, za Aprili, taratibu. Sikuona hasira. Aliposoma ile ya Pasaka, kwamba mapipa hayapumziki hata Bwana akifufuka, alicheka kidogo, halafu akajipangusa uso kwa kiganja.

"Ni yeye kabisa huyu," akasema. "Lakini binti yangu, hili ni jambo baya sana."

Alifikiri kwa sauti. Kuondoa maombi na kuyaleta upya kwa jina lingine kutachukua wiki nyingi, na tarehe 31 itatukuta njiani. Kuna kibali cha muda mfupi, cha wataalamu wanaokuja kufunga mtambo au kurekebisha kitu. Kuna kile cha wawekezaji, kama angempa Bwana Viorel hisa. Kuna visa ya matembezi, lakini hiyo mtu anatembea tu, hashiki kazi. Kila njia ina mlango, na kila mlango una fomu, na kila fomu italirudia faili hili lenye jina la Elieza.

Mwisho akasema polepole, kama anayejaribu kiatu cha mtu mwingine: "Marko ana umri wa Elieza. Amefanya kazi na Bwana Viorel miaka miwili. Anazijua hizo kazi. Akae mahali pake saa moja tu."

Niliangalia meza.

"Wakulima arobaini na mmoja wanatuletea zabibu, Anyesi. Wifi yako mmojawapo. Nikikosa mtu wa kuzikamua, zitaozea kwenye kreti. Niambie njia nyingine nitaishika."

Nikachukua daftari nikarudi mezani kwangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Uwanja wa maonyesho ni jirani. Spika tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye unga. Tuliongozana na Elieza kila mwaka. Alipenda kusimama mbele ya ng'ombe wakubwa na kuwaamkia shikamoo.

Sikwenda.

Jumapili, 11 Agosti

Marko kaja baada ya ibada. Alikaa mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mama Jenifa, umesikia alilonituma Mzee?"

"Nimesikia."

"Nimejifunza sahihi. Tazama." Akatoa kipande cha boksi. Ilikuwa imeandikwa labda mara thelathini, Ndahani, Ndahani, Ndahani. Za mwisho zilikuwa nzuri kuliko zangu. "Naiweza. Shida siyo hiyo. Shida ni kwamba mimi ndiye niliyeshika jeneza upande wa miguu. Unakumbuka lilivyokuwa zito? Nilijikwaa. Nikasema moyoni, Elieza, usiniangushe." Akalishusha boksi magotini. "Sasa kesho kutwa mtu ataniita kwa jina lake, niitike naam?"

"Ukikataa Mzee atakuelewa."

"Ataelewa. Na zabibu zitaelewa?"

Nilimpa maji. Alipoondoka alisahau lile boksi. Nimelisukuma mekoni kwa mguu. Sitaki kulishika wala kulichoma.

Jumatatu, 12 Agosti

Upepo mkali. Kreti za kwanza zimeingia kutoka Mpunguzi. Bwana Viorel alipima sukari, akatikisa kichwa akimaanisha ndiyo. Binti yetu Jenifa amepiga simu kutoka shuleni kwake Mpwapwa, anahitaji sweta. Jana kanisani walihubiri kuhusu Petro na jogoo. Naandika haya yote ili nisiandike ya kesho.

Jumanne, 13 Agosti

Bi Zaitun alifika saa nne. Mwanamke wa makamo, amejitanda mtandio wa kijani, viatu vya kutembea vumbini. Alipomwamkia Mzee Sila shikamoo nilimpenda, na nikaumia kwamba nimempenda.

"Mimi mvinyo situmii wala sishiki," akasema akicheka. "Mtanionyesha kwa kidole, nami nitaandika."

Tulizunguka naye. Bwana Viorel alimwonyesha matangi, mapipa, mashine ya kukamulia. Alikuwa na maneno machache na akayasema sawasawa. Marko alifuata nyuma amevaa shati lililopigwa pasi, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kisha tukakaa ofisini. Bi Zaitun akatoa ile nakala ya daftari. Alikuwa ameweka alama kwa karatasi za njano.

"Kwa hiyo wewe ndiye Elieza Ndahani?"

Marko akainua kichwa. "Ndiyo, mama."

"Hongera. Unaandika vizuri. Nikikusoma nasikia mtu anaongea. Hebu nisomee hapa, nataka kukuuliza kitu." Akamsogezea ukurasa. Ijumaa, 12 Aprili.

Marko akasoma. Anasoma polepole, kwa kidole. "Leo... nimejifunza... kuosha pipa kwa maji ya moto mara tatu. Ya kwanza ni ya uchafu, ya pili ni ya harufu, ya tatu ni ya... ya heshima."

Elieza hakuwahi kuyasema maneno hayo. Yalikuwa yangu. Tarehe 12 Aprili alikuwa na majuma manane kaburini, nami nikamtungia mzaha kwenye ngazi ya nyuma, nikaucheka peke yangu. Na sasa mzaha huo ulikuwa umetoka kwenye kinywa cha Marko, jasho likimtiririka, mbele ya mwanamke aliyekuwa akitabasamu kwa wema. Niliona kwamba nikinyamaza, Elieza ataishi. Ataishi ndani ya mafaili ya serikali, anajifunza kila wiki, ataongezewa miaka miwili. Na hatakuwa mtu niliyeolewa naye.

Nikasema, "Huyo ni Marko."

Mzee Sila akafumba macho.

"Anaitwa Marko. Elieza alikuwa mume wangu. Alifariki tarehe 15 Februari. Hayo ya baada ya hapo nimeandika mimi."

Bi Zaitun aliweka kalamu chini. "Na sahihi?"

"Mimi."

"Bwana Sila aliagiza uandike?"

"Hapana. Hakujua."

"Kwa nini sasa, mama?"

Nilitafuta jibu. Lililokuja ni lile lile. "Ilikuwa Ijumaa."

Nje mtu alikuwa akishusha kreti, anahesabu kwa sauti. Marko alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ndipo Bwana Viorel akasogeza ule ukurasa, akaweka kidole chini yake. "Hii sahihi yangu," akasema. "Machi, yangu. Aprili, yangu. Mimi nilikwenda kwenye kaburi. Mimi nilijua."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Miezi yote ile nilimpelekea daftari na chai Jumatatu, akasaini, na mimi niliona kalamu tu, sikumwona mwenye kalamu.

Bi Zaitun alifunga ile nakala. "Nakupa pole, mama," akaniambia, "nakupa kama mwanamke mwenzangu. Kwenye fomu hii hakuna mahali pa kuiandika." Kisha akamgeukia Mzee na kumweleza bila ukali. Maombi yenye maelezo yasiyo ya kweli hayawezi kuendelea. Mzee akauliza habari za kibali cha muda mfupi na za hisa. Cha muda mfupi hakitawezekana, maana ni mtu yule yule na faili lile lile. Hisa haziwezi kutolewa ili kukwepa jambo lililokwisha julikana. Mgeni atamaliza siku zake mpaka tarehe 31, ataondoka kwa heshima bila kuzuiwa kurudi, na kampuni itapewa onyo la maandishi. Mwakani, kama kuna Mtanzania anayefundishwa kweli, walete maombi mapya.

"Angekuwa mwingine," akasema akiwa mlangoni, "angesema tuanze kwa polisi."

Mzee Sila alimsindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi alipita mezani kwangu kama anapita kwenye kiti.

Jumatano, 14 Agosti

Nilimfuata Bwana Viorel kwenye mapipa. Nilimuuliza kwa nini alisaini.

Alikuwa akifunga bomba. Alifikiri maneno yake. "Jumatatu ya kwanza, wewe ulikuja. Daftari, chai, kama zamani. Mimi nilisoma. Nilisema, kama mimi nakataa, huyu mama haleti daftari tena." Akafuta mikono. "Na mimi nilitaka kusoma."

Nikamuuliza na ile ya kuuliza nani ataosha mapipa, siku ya tatu tu.

"Nilikuwa nimeosha," akasema. "Siku mbili nilikuwa naosha mapipa ya Elieza. Yalikuwa safi. Sikujua nifanye nini nyingine."

Nami nimemwita mtu mgumu katika daftari hili hili. Sitalifuta neno hilo.

Alhamisi, 22 Agosti

Barua imefika. Ni kama alivyosema.

Jumamosi, 24 Agosti

Hombolo. Bwana Viorel alikuja na kipima sukari. Akapasua zabibu kutoka safu ya kwanza, ya kati, ya mwisho, akaelekeza kioo kwenye jua. Bado. Wiki mbili, labda tatu.

"Zichume hivyo hivyo," Ruthu akamwambia. "Wewe si upo?"

"Mama, hii sasa ni maji ya chungu."

"Basi uchungu wenyewe tunao tayari. Chuma."

Bwana Viorel alitaka kucheka, hakuweza. Alitembea mpaka pale safu zilipokatika, akasimama juu ya ukingo akilitazama korongo. Mchanga mweupe, mkavu, nyayo za mbuzi. Ruthu alitaka kumwita, nikamshika mkono.

Jumamosi, 31 Agosti

Ameondoka. Matangi yaliyokwisha jaa amemwachia Marko na maelekezo ya maandishi. Wakulima waliobaki, Mzee amewaambia wawauzie wachuuzi wa sokoni au wakaushe. Wengine hawakumsalimu. Mimi wengi hawanisalimu.

Kwenye uwanja wa ndege alinipa kile kipima sukari, kimefungwa kwenye soksi. "Ishirini na mbili," akasema. "Siyo chini." Kisha akasema mbukwa, akakumbuka kwamba hiyo si ya kuagia, akabaki ameshika begi.

Jumatano, 4 Septemba

Mzee hajanifukuza. Amenihamishia stoo. Huko hakuna dirisha. Leo amekuja kuchukua vizibo, akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimekula, na nadhani alijua.

Jumatatu, 9 Septemba

Joto limeanza. Sukari ishirini.

Jumamosi, 14 Septemba

Ishirini na mbili. Nilipima mara nne. Tumechuma tangu alfajiri, mimi, Ruthu na Marko, aliyekuja bila kuitwa. Nililiweka daftari la Ijumaa juu ya jiwe, nikasoma: ondoa vijiti, ponda, usiponde mbegu. Kila hatua imo. Miaka mitatu nimeandika kazi ya mvinyo bila kujua kwamba naandika chochote zaidi ya sauti ya mume wangu.

Tulipozimimina kwenye pipa la bluu hazikufika juu. Pipa lilinunuliwa kwa shamba zima, kabla korongo halijala safu tatu. Ruthu akachungulia. "Kaka yangu aliota kubwa," akasema.

Ijumaa, 20 Septemba

Nakaa kwa Ruthu wiki hii, nimeomba likizo. Maganda yanapanda, nayashindilia asubuhi, mchana na jioni. Pipa linaunguruma ukiweka sikio. Harufu imeshika kanga zangu. Kwa mara ya kwanza tangu Februari nimelala bila kuamka.

Jumamosi, 28 Septemba

Povu limekwisha. Daftari linasema: kamua maganda, rudisha mvinyo kwenye pipa, funga, acha, usisumbue. Tumefanya hivyo. Nilionja kijiko kimoja. Ulikuwa mkali na mchanga, lakini ulikuwa mvinyo. Marko alionja akanyamaza, halafu akasema, "Angeshindwa ile wiki ya kunyamaza."

Kazi nzima imefika chini ya theluthi mbili za pipa. Tumefunga.

Oktoba

Sikuandika. Joto, stoo, joto. Nimeacha pipa lipumzike kama lilivyoandikwa. Kila Jumapili nilikwenda kulitazama tu, nikaondoka.

Jumapili, 10 Novemba

Ruthu alinipokea njiani, jambo asilofanya. "Wifi, pipa linanuka."

Nilifungua. Nilijua kabla mfuniko haujatoka. Harufu ilinipiga machoni. Juu kulikuwa na utando mwembamba kama wa maziwa. Nikachota, nikaonja, nikatema.

Siki.

Nimesoma daftari lote kuanzia ukurasa wa kwanza, hapo hapo barazani, kutafuta nilipokosea. Sikukosea mahali popote. Nilifanya kila kilichoandikwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimempigia Bwana Viorel. Huko kwao kuna baridi, alikuwa akikohoa. Aliposikia sauti yangu alisema "Mbukwa," akaivuta.

Nilimweleza hatua kwa hatua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pipa ilijaa?"

"Halikujaa. Theluthi mbili, chini kidogo."

Nilisikia kiti kikiburutwa.

"Juu kulikuwa na hewa," akasema. "Nafasi ile yote, hewa. Mwezi mmoja na nusu. Anyesi, mvinyo haiwezi kukaa na hewa. Elieza hakusema?"

"Hakusema. Kwenye daftari haimo."

"Hapana. Na mimi sikumwambia." Akakohoa. "Kiwandani mapipa yote yalijaa. Kila siku yalijaa. Mtu hasemi kitu ambacho kipo kila siku." Kisha akasema, "Kidogo inataka pipa kidogo. Hiyo tu. Pole. Hiyo tu."

Sikulia kwenye simu. Nililia baadaye, kwa ajili ya siki, kama mjinga.

Jumamosi, 16 Novemba

Ruthu ameanza kuigawa siki kwa majirani kwenye chupa za maji. Wanasema ni nzuri kwa kachumbari. Mama mmoja wa kwaya ameomba ya pili. "Mwambie ni ya Elieza," nilisema. Ruthu akasema, "Ameshajua. Ndiyo maana ameomba."

Jumatano, 27 Novemba

Mawingu upande wa Chamwino siku tatu sasa. Watu wanayatazama kwa furaha. Mimi nahesabu nani wa kwetu yuko ng'ambo ya korongo.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua imenyesha saa tisa alasiri, mvua ya kwanza, kubwa, bati lote linapiga kelele. Nilisimama mlangoni mwa stoo. Mzee Sila akaja akikimbia amejifunika faili kichwani, akasimama kando yangu, tukatazama maji yakitafuta njia uani.

"Wifi yako yuko upande gani?" akauliza.

"Wa huku, Mzee. Nimempigia mara mbili."

"Mpigie tena."

Nikapiga. Ruthu akaniambia yuko nyumbani, anakinga maji, nimwache.

Mzee akanipa lile faili. Lilikuwa na fomu mpya za kibali, hazijajazwa. Akasema tukizipeleka Januari, huenda Bwana Viorel akawa hapa kabla ya mavuno yajayo. Huenda. Ofisi ya kazi haijaahidi. Ile sehemu ya Mtanzania anayefundishwa ilikuwa wazi.

"Marko hataki," akasema. "Anasema hatakaa mahali pa Elieza. Anasema kuna mtu aliyekwisha soma miaka mitatu na kuharibu pipa moja. Bwana Viorel naye alinipigia. Anasema ukikutana na mtu aliyekwisha kuharibu pipa, usimwache."

Aliniachia faili akarudi kwenye mvua.

Jioni nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Maji bado yanadondoka kutoka batini. Fomu sijaijaza, inaweza kungoja Jumatatu. Nimelifungua daftari la Ijumaa. Kurasa za tangu 23 Februari mpaka Juni nimezipiga mstari mmoja kila moja, zibaki zikisomeka, na pembeni nimeandika: haya si yake, ni ya mkewe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umebaki nusu.

Nimeandika hivi:

Ijumaa, 29 Novemba. Anayefundishwa: Anyesi Ndahani. Mwalimu: yuko mbali, hajasaini. Nimejifunza kwamba pipa lijae mpaka mdomoni. Kama mvinyo ni mchache, tafuta pipa dogo.

Nikasaini, kwa sahihi yangu.